Kabla ya kununua programu mpya ya makadirio, uliza namba zimetoka wapi

Mwaka wangu wa kwanza katika ofisi ya makadirio ya gharama za miradi ya silaha nchini Marekani, nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kukadiria saa za kuunganisha ndege mpya kwa kutumia takwimu za ndege nne zilizoitangulia. Nikaziingiza kwenye lahajedwali, nikachora mstari. Tatu zilikaa vizuri. Ya nne ilikuwa chini sana, peke yake. Nikaiondoa na kuandika kwamba si ya kawaida.

Mkuu wangu aliuliza jambo moja tu: "Umempigia simu aliyeituma?"

Sikuwa nimempigia. Nilipopiga, nikaelezwa kwamba katikati ya mkataba kiwanda kilibadilisha uhasibu wake. Vifaa maalumu vya kuunganishia, ambavyo kazi yake ilikuwa ikihesabiwa ndani ya kila ndege, vilihamishiwa kwenye gharama za mara moja. Mabawa nayo yalipewa mkandarasi mdogo, hivyo saa zake zikatoweka na kurudi kama bei ya kitu kilichonunuliwa. Ndege ile haikuwa rahisi kuunganisha hata kidogo. Kazi yake ilikuwa imehamia safu nyingine.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atumie programu gani ya makadirio, namuuliza kwanza takwimu zake zina historia gani. Chombo kizuri kikilishwa takwimu zisizo na maelezo hutoa jibu baya haraka zaidi, tena likiwa na michoro ya kuvutia.

Chukua mkunjo wa ujifunzaji, ambao mhandisi wa ndege T. P. Wright aliuandikia mwaka 1936 baada ya kuchunguza viwanda vya ndege. Kila idadi ya ndege inapoongezeka maradufu, saa za kazi hupungua kwa kiwango kilekile. Ikiwa ndege ya kwanza imechukua saa 100,000 na mkunjo ni wa asilimia 85, yaani kila maradufu saa hushuka hadi asilimia 85 ya zilizotangulia, ndege ya 100 itachukua takribani saa 34,000. Ukiweka asilimia 80, itachukua kama 22,700. Pointi tano tu, na theluthi ya kazi imetoweka. Juu ya hapo, Wright alihesabu wastani wa ndege zote zilizokwisha kutengenezwa, ilhali njia iliyokuja baadaye huhesabu kila ndege kivyake. Kama aliyekuachia faili hakuandika alitumia ipi, usikisie. Mtafute.

Ushauri wangu mzito kuliko wote unahusu mkataba. Takwimu za gharama halisi hudaiwa kabla ya saini. Wizara ya Ulinzi ina utaratibu wa kuwataka wakandarasi wa miradi mikubwa waripoti gharama, unaoitwa CSDR, na hifadhidata inayokusanya ripoti hizo, CADE. Nimewahi kukuta mradi ambao hitaji hilo lilisahaulika. Tulipoomba takwimu baadaye tuliambiwa tulipie upya, na tulicholetewa ni kurasa zilizopigwa picha, tukazinakili kwa mkono. Kaa na mwanasheria wa mikataba mapema. Omba faili aina ya FlexFile, maana hutoa saa na dola kutoka kwenye vitabu vya mkandarasi mwenyewe, mwezi kwa mwezi, badala ya muhtasari uliokwisha kupangwa na mtu mwingine. Na mgawanyo wa kazi ufuate MIL-STD-881, kiwango cha kijeshi cha Marekani cha kugawa mradi katika sehemu zake, la sivyo "bawa" la mkataba huu halitalingana na "bawa" la mkataba ule.

Mfumuko wa bei nao usiuache mwishoni. Andika kando ya kila namba ni dola za mwaka gani.

Kuna pengo jingine linalonisumbua zaidi: sehemu za mradi ambazo hazina takwimu kabisa. Kombora la nyuklia la Sentinel, linalokusudiwa kuchukua nafasi ya Minuteman, linaonyesha hili kwa uchungu. Januari 2024 jeshi la anga liliarifu Bunge kwamba mradi umevuka kikomo kikali cha sheria ya Nunn-McCurdy, inayodai Bunge liarifiwe gharama za mradi zinapopanda kupita kiasi, na Julai mwaka huohuo Pentagon ikatangaza makadirio mapya ya dola bilioni 140.9, ongezeko la asilimia 81 juu ya makadirio ya Septemba 2020. Sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka ardhini, kwenye mitambo ya kurushia na kuamrishia, wala si kwenye kombora lenyewe. Mashimo ya Minuteman yalijengwa miaka ya 1960. Nani leo ana takwimu zinazofaa za ujenzi wa namna hiyo? Kwa maoni yangu, pengo la aina hii lapaswa kutajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makadirio na kupewa wigo mpana, hata kama meneja wa mradi anataka namba moja. Ofisi ya CAPE, ya kutathmini gharama ndani ya Pentagon, iliyoundwa kwa sheria ya mageuzi ya ununuzi wa silaha ya mwaka 2009, hufanya makadirio huru, lakini nayo huchota kwenye kisima hikihiki.

Gharama za uendeshaji na matengenezo, ambazo mara nyingi hufika takribani asilimia 70 ya gharama za silaha katika maisha yake yote, zinastahili makala yake. Hapa niseme tu: anza kuzikusanya siku kifaa cha kwanza kinapokabidhiwa.

Ile ndege ya nne niliirudisha. Nilipoongeza saa za vifaa na kukadiria za mabawa, ilikaa juu kidogo ya mstari, na makadirio ya ndege mpya yakapanda. Maelezo ya simu ile niliyaandika ndani ya lahajedwali lenyewe, kwenye mstari wa namba ileile, pamoja na tarehe na cheo cha aliyenieleza. Miaka kadhaa baadaye kijana mmoja aliirithi faili hiyo, na hakulazimika kupiga simu.