Simu za intaneti ofisini zinakatakata
Ndugu nimekusoma, mko watano mnapigia wateja kwa intaneti na sauti inakatakata mchana. Usikimbilie kulipia spidi kubwa, simu moja inakula kama kilobiti 90 kwa sekunde kwenda na hivyohivyo kurudi, watano hamfiki hata megabiti moja, yaani kilobiti 1000. Mara nyingi kinachoua sauti ni mtu anapandisha mafaili wakati wengine wanaongea, mi ilinitesa sana mpaka nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, nikazipa simu kipaumbele, halafu nikazitoa kwenye waifai nikachomeka waya, zikatulia.
Umeme ukikatika nazo zinakufa, kwa hiyo bakiza laini ya kawaida kwa dharura, tafadhali. Na ukiona kwenye bili simu za nchi za nje usizozijua badili nywila hapohapo uite fundi wa mitandao, kuna mtu kaingia kwenye akaunti yako.