Sifa mwanangu, kuhusu yule kijana wako wa jeshi

Sifa mwanangu,

Mesaji yako nimeisoma jana usiku, mama yako ameshalala. Unaniuliza umsubiri huyo mchumba wako au mahari irudishwe kila mtu aendelee na maisha yake, maana tangu Goma huku kwetu Kongo iangukie mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari, simu yake inaweza ikapotea kabisa halafu anaibuka na "niko poa" basi, hakuna lingine. Nimekuelewa. Na najua unaniuliza mimi kwa sababu zile nguo nilizivaa.

Ngoja kwanza tuongee juu ya habari. Siku zote nawaambia, askari asiye na habari za kwao ni hatari kuliko adui. Sisi kule Pweto, kando ya ziwa Mweru, kwenye vita vya mwaka 1999 kulikuwa na fonie, redio ya mawasiliano, ya jeshi tu, na fonie ya jeshi haiulizi mtoto wa mtu anaendeleaje. Kalemie ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD tangu mwaka 1998, mama yako yuko huko, mimi niko upande wa serikali na askari wa Zimbabwe waliokuja kuisaidia, reli imekufa. Kwenye ramani si mbali hata kidogo. Lakini barua ilibidi ivuke ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, Kigoma ipande meli ya Liemba mpaka Mpulungu kule Zambia, halafu malori mpaka mpakani Kasumbalesa, ifike Lubumbashi kwa shangazi yako, ndipo atafutwe askari anayerudi mstari wa mbele. Wamama wa biashara walizificha ndani ya magunia ya ndakala, yaani dagaa, maana ukikutwa kwenye bariera, kizuizi cha njiani, na barua ya kwenda upande wa pili wewe ni mpelelezi tu, hakuna maelezo.

Watu wanadhani askari anashinda akipiga risasi. Anashinda anatafuta chakula mwanangu. Solda, mshahara wetu, inachelewa, ikifika imeshapita mikono ya wakubwa, basi ni bukari (ugali) na sombe (kisamvu) bila mafuta, siku nzuri samaki wa Mweru. Handaki unachimba asubuhi, mvua inalijaza, jioni mnachota maji kwa sufuria ileile ya kupikia. Betri za redio tunazianika juani ziongeze nguvu kidogo, usiku tunabanana kusikiliza BBC Kiswahili tujue vita vimefika wapi, na kuna kadogo wawili watatu, watoto kabisa, wanasinzia hapo na bunduki magotini.

Sasa barua ya mama yako. Ilinifikia mvua zimekolea, mwanzo wa mwaka 2000, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na inanuka ndakala mpaka kamarade wangu wakaniuliza nimeletewa mboga. Kaandika habari zake kwa mpangilio wake unaoujua, bati la jikoni limeng'oka, mbuzi wa jirani kala mihogo, mzee fulani kafariki, halafu katikati hapo, "Sifa ameota meno mawili chini, ananiuma." Sifa! Sifa ni nani? Nilirudia kusoma, nikarudia tena. Barua ya kwanza, ile ya kusema umezaliwa, ilipotelea njiani na mpaka leo haijaonekana, kwa hiyo mimi nilijua nina binti, ana jina, na ana meno, vyote kwa mstari mmoja. Nikapiga kelele, watu wakashika silaha wakidhani tumevamiwa. Furaha ile sijaipata tena, hata mdogo wako alipozaliwa nikiwa nipo palepale mlangoni.

Lakini jina. Nilikuwa nimeshamwambia mama yako, akizaliwa wa kike ni Feza, jina la mama yangu. Baba yako mkubwa akakuita Sifa, jina la mama mkwe wake, bila kunisubiri. Sawa, angesubiri nini, hajui kama niko hai, mtoto hawezi kukaa bila jina kisa baba yake yuko handakini, na ni yeye aliyewalisha miaka yote ile, sina neno baya kwake. Lakini si alikuwa anajua jina nililotaka? Mama yako alimwambia. Angeweza kuliweka hata la pili. Basi, jina lako nalipenda, ndilo nililolipigia kelele, ila lile jambo linaniuma nikilikumbuka.

Narudia, askari asiye na habari za kwao ni hatari. Wale waliokuwa hawaandikiwi ndio waliozama kwenye lutuku, ile pombe kali, ndio waliooa tena palepale Pweto, ndio waliochukua kuku wa watu. Mimi nilikuwa na meno mawili mfukoni. Desemba 2000 Pweto ilipochukuliwa na tukakimbilia Zambia, silaha nilizisalimisha, barua ile walinipekua nayo wakanirudishia.

Ila na huyu wako, yeye simu anayo. Hapo ndipo ninapokwama. Labda mtandao umekatwa, labda wanakatazwa wasijulikane walipo, hilo naliheshimu. Lakini mtu akishapata mtandao kwa dakika mbili, "niko poa" ndiyo habari gani? Hajasema amekula nini, hajauliza mama yako amepona mguu. Umemwandikia wewe lakini? Namaanisha kumwandikia, bati, mbuzi, nani kafariki, si "uko wapi mbona hupatikani." Maana inawezekana na yeye ana njaa ya hayohayo.

Uamuzi sikupi, ni wako, ingawa ulimi unaniwasha na mama yako wake ameshautoa, atakupigia mwenyewe Jumapili. Mahari isiguswe kwanza. Nitumie namba yake, akipatikana nitaongea nae kama askari na askari, sitamuuliza habari za ndoa, nataka nisikie tu kama anajua jina la mdogo wako na wewe unafanya kazi gani siku hizi.

Baba yako