Fundi kanikatia boriti tatu ili bomba la shawa lipite, nimwache aendelee?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi Mbongo naishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana tumenunua nyumba ya zamani, zile zilizobanana mstari mmoja mtaa mzima, na kwa vile watoto wamekua na foleni ya bafuni asubuhi ni balaa tukaona chumba kidogo cha ghorofani kiwe bafu la pili. Fundi nimeunganishiwa na jamaa, bei poa, kaja kafunua mbao za sakafu halafu kashika msumeno akakata boriti tatu kwa juu ili bomba la maji machafu la shawa liende ukuta wa nje. Nimepima mwenyewe: boriti zina kimo cha milimita 175 na unene 50, zimepangwa kila sentimita 40, na mikato yote mitatu ina kina cha milimita 50. Boriti kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 3.2 na mikato iko mita 1.5 kutoka ukutani. Wife anasema akipita pale sakafu inanesa. Fundi anasema "usiwe na wasi bosi, mbao za zamani hizi ni chuma". Trei ya kusimamia wakati wa kuoga bado haijawekwa. Nimwache amalizie au?
Baba Wawili, Leicester

JIBU: Marahaba Baba Wawili. Usimwache. Mwambie asimame leo hii, na hapo hapo panaponesa msiweke trei, msirundike maboksi ya vigae, wala watoto wasirukeruke. Na shemeji mpe pole na hongera, mguu wake umeona kitu ambacho macho ya fundi hayakuona.

Chukua ndala, ikunje kisigino na kidole viangalie juu. Upande wa juu unajikunja mikunjo, wa chini unavutika, ila pale katikati ya unene wake hapafanyi kazi kubwa. Boriti ikibeba mzigo ni hivyo hivyo, juu inabanwa chini inavutwa, ndo maana mtu anayejua kazi akilazimika kupitisha kitu anatoboa tundu katikati ya kimo na sio kukata mdomo juu au chini. Na urefu nao una mambo yake, katikati ya chumba ndo boriti inapopinda zaidi, karibu na ukuta inapumua kidogo.

Sasa huko uliko mafundi wana kanuni ya siku nyingi sana, sio siri. Mkato usizidi moja ya nane ya kimo cha boriti, na ukae kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu kutoka ukutani. Tundu lisizidi robo ya kimo, liwe katikati ya kimo, na likae kati ya asilimia 25 na 40 ya urefu. Ipigie hesabu nyumba yako: moja ya nane ya 175 ni milimita 22 hivi, yeye kakata 50. Mkato ulitakiwa uwe kati ya sentimita 22 na 80 kutoka ukutani, yeye kaenda mita moja na nusu, yaani kachagua pabaya kuliko pote. Hapo boriti imebaki na milimita 125 za kufanya kazi, na ubao unapopungua kimo haupungui nguvu kwa kiasi kile kile, unapungua kwa mraba, kwa hiyo hapo nguvu imebaki kama nusu, na ukakamavu unapungua kwa mchemraba wa kimo, umebaki kama theluthi tu. Na hapo bado sijasema kwamba kona kali ya msumeno ndo mahali ufa hupenda kuanzia. Mbao za zamani ngumu kweli, simbishii, lakini hesabu hii haijali umri.

Halafu kuna kichekesho. Hata ukisamehe boriti, bomba lenyewe halitafanya kazi! Bomba la shawa huko ni la milimita 40, ila lile la kuunganisha kwa gundi ukilipima kwa nje linafika 43. Kanuni za Uingereza zinataka lishuke angalau milimita 18 kwa kila mita. Kutoka boriti ya kwanza hadi ya tatu ni sentimita 80, kwa hiyo lilitakiwa lishuke kama milimita 14 au 15. Kwenye mkato wa 50 ukiweka bomba la 43 unabakiwa na milimita 7. Na mikato yote mitatu umeniambia ina kina kile kile, maana yake bomba limelala flati, sabuni na nywele zitatulia humo na baada ya miezi utakuwa unaoga umesimama kwenye dimbwi. Sasa usimwambie azidishe kina cha mkato wa tatu ili slopu ipatikane, nakujua, hilo wazo lishakupitia kichwani.

"Si tutoboe tundu basi?" Robo ya 175 ni milimita 43 na point, yaani bomba linapita kwa kubanana kabisa bila nafasi, na kwa sababu lazima lishuke basi ukifika boriti ya pili na ya tatu tundu limeshahama kutoka katikati. Tena bomba refu halipenyi kwenye matundu ya boriti zilizo sentimita 40, utalikata vipande na kuunga katikati ya kila nafasi, kila kiungo ni kesi ya kuvuja baadaye juu ya silingi ya sebuleni. Kwa shawa mimi siipendi hiyo njia. Nyaya za umeme sawa, bomba la maji safi la milimita 15 sawa.

Ninachokushauri ni kuhamisha trei. Kwa ulivyoeleza boriti zako zinaenda sambamba na ukuta wa nje, kwa hiyo trei ikisogezwa mpaka ukutani pale, trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji kuzuia harufu, inashuka kati ya ukuta na boriti ya mwisho na bomba linatoka nje bila kugusa ubao wowote. Mlango wa shawa utabidi uangalie upande mwingine, ndiyo, na mama watoto labda alishachagua pa kuweka kioo, mtaongea. Ikishindikana, inua trei kwa miguu yake ama fremu ya mbao, bomba lipite juu ya sakafu likifichwa kando ya ukuta. Utapanda kangazi kamoja kuingia kuoga, si mbaya. Ila bomba la 40 lisizidi mita 3 kutoka trapu hadi bomba kubwa la maji machafu, ikizidi nenda na la 50 mpaka mita 4.

Kuhusu zile tatu zilizokatwa, kupachika kipande cha mbao na gundi kwenye mdomo usikubali kwa kina hicho. Kinachofanyika ni kusimamisha jeki za chuma chini, kuinua boriti taratibu ikae sawa, halafu ubao mpya wa kimo kile kile unaegeshwa ubavuni, ukutani hadi ukutani, unafungwa kwa bolti. Bolti ngapi na za unene gani atasema injinia wa majengo, mlipe aje aone. Na ndo sababu bomba lazima lihame kwanza, maana likibaki pale pale huo ubao mpya nao utakatwa.

Halafu kaunsili. Bafu jipya lenye bomba jipya la maji machafu huko linahitaji kutolewa taarifa kwa wakaguzi wa majengo kabla ya kazi. Kama hukufanya hivyo piga simu sasa kabla sakafu haijafungwa, wao wakaone boriti kwa macho. Siku ukija kuuza, mwanasheria wa mnunuzi ataulizia cheti. Na ukiwa na fundi wako piga picha za mikato yote na tepu ya kupimia ikionekana, kabla ya kuanza kubishana habari ya hela.

SWALI: Fundi, nyumba ya babu ipo Mji Mkongwe Unguja, tunataka shawa juu kwa ajili ya wageni. Dari ni boriti za mikoko. Tunaweza kutoboa bomba lishuke chini?
Bi. M., Unguja

JIBU: Bi. M., boriti msiiguse kabisa. Zile ni nguzo nzima za mkoko na juu yake kuna mawe na chokaa, zikizidiwa huna pa kuegesha ubao. Na hata bila msumeno, adui yenu ni maji: shawa ikivuja kidogo kidogo chokaa inanyonya, ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta inaoza huku nyinyi chini mnaona rangi tu imechafuka. Bafu likae kwenye ukuta wa upande wa ua, bomba litoke nje moja kwa moja lishukie uani. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kabla ya nyundo nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe na mchoro. Kama mna chumba cha chini kinachokaa bure, wekeni shawa humo.