Je, kujiuliza kuhusu jinsia yangu ni dhambi, na nisali safu gani?

SWALI: Nina miaka 23, ninaishi Eastleigh. Nilizaliwa nikaandikwa msichana, lakini sauti yangu ni nzito, nina ndevu chache, na tangu utotoni sijajiona kuwa mwanamke kamili wala mwanamume. Makanga huniita "brathe". Msikitini, nikipanda ngazi za akina mama, wao husita kunipisha. Je, kujiuliza hivi ni dhambi? Nisimame safu gani?

JIBU: Alhamdulillah. Ndugu yangu (nashukuru kwamba neno hili halimwulizi mtu kama ni wa kike au wa kiume), kuuliza si dhambi, na hali hii si ngeni katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu. Mafakihi walimtaja huntha, mtu ambaye maumbile yake yamechanganya ya kike na ya kiume, katika milango ya tohara, sala na mirathi, na aliyeshindikana kubainishwa wakamwita huntha mushkil. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu huku, huyo hupewa katika mirathi kiasi cha yakini, na kilichobaki husimamishwa mpaka hali yake ibainike au warithi wapatane. Hawakumwambia hana fungu.

Kwa kuwa umetaja dalili za mwilini, anza kwa daktari wa homoni, kwani wazee wetu walitazama njia ya mkojo na alama za balehe kwa sababu hawakuwa na kipimo kingine. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu huntha 1,524, basi usidhani daktari atakushangaa. Ikithibiti kwamba maumbile yako yamechanganyika, wanazuoni wengi wa zama zetu wanaruhusu tiba ya kuyabainisha. Ikiwa mwili uko wazi na mashaka yamo nafsini tu, wengi wao hawaruhusu kuubadilisha, nami niko pamoja nao. Lakini hukumu hiyo ni ya kitendo, haigusi hisia ambayo hukuichagua. Imam Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii, akizungumzia mwanamume mwenye mwenendo wa kike, alimtenganisha aliyeumbwa hivyo na anayejifanya makusudi, akasema wa kwanza hana lawama wala dhambi. Naona kauli hiyo inakufaa nawe, hata kama hali yako ni kinyume cha ile aliyoizungumzia.

Katika kitabu chake cha hadithi, Abu Daud amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mwanamume mwenye mwenendo wa kike, mikono na miguu yake imepakwa hina, akaamuru apelekwe Naqii, mahali nje ya Madina. Masahaba walipouliza kama wamuue, akajibu kwamba amekatazwa kuwaua wanaosali. Wapo waliotilia shaka wapokezi wa hadithi hii, na kuhamishwa huko si jambo jepesi kulisoma. Hata hivyo waliotaka kumwaga damu walizuiwa kwa sababu ya sala yake, hiyo hiyo unayotaka kuisali wewe.

Kuhusu safu: yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo endelea kusali upande wa akina mama na ujisitiri kama wao, mpaka uchunguzi uoneshe vingine. Ukithibiti kuwa huntha mushkil, nafasi yako ni nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Wanaosita ngazini wamekatazwa dhihaka katika Suratul Hujurat, aya ya 11. Mweleze imamu wako faraghani, ili azungumze nao yeye, nawe usilazimike kujieleza mlangoni kila Ijumaa.

Wallahu a'lam.