Posti ulizohifadhi bado hazijawa noti

Mkuu, umesema umehifadhi lundo la posti kuhusu mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam kwenye Instagram na X kwa ajili ya tasnifu, na sasa hujui pa kuanzia. Anza kwa kuziokoa. Ulichohifadhi ni kiungo tu. Mwenyewe akiifuta posti, nawe umeikosa. Nakili maneno yenyewe, jina la akaunti, tarehe ilipowekwa na kiungo, kisha piga skrinshoti. Jedwali la Excel linatosha. Zotero, programu ya kutunza vyanzo vya utafiti, nayo ni ya bure, ukipenda.

Halafu usizipange kwa mtandao zilikotoka. Zipange kwa maswali yako: nauli, foleni za abiria Kimara, mafuriko ya Jangwani. Kwa kila posti andika sentensi mbili kwa maneno yako mwenyewe: inadai nini, na inajibu swali lipi. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaparuka. Posti ikikosa sentensi hizo mbili, iondoe bila huruma.

Tarehe ziangalie sana. Bonde la Jangwani limefurika mara nyingi tangu mabasi yaanze mwaka 2016, kwa hiyo klipu ya zamani inaweza kusambazwa kama ya leo. Linganisha na magazeti ya siku hiyo kabla ya kuiita ushahidi.

Na tafadhali, abiria wa kawaida aliyelalamika kwenye komenti usimtaje jina. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Muulize msimamizi wako mapema chuo kinataka nini.