Fungua Mfereji Kabla Mteja Hajaufungua

Mwaka wangu wa kwanza wa kupangisha nyumba nilimpeleka muuguzi mmoja kuona nyumba ya chumba kimoja cha kulala huko Roysambu, Nairobi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, viatu vyeupe vya kazi bado viko miguuni. Mimi nilikuwa nimekariri maneno yangu tangu kwenye matatu: vigae vipya, roshani yenye jua la asubuhi, hatua chache tu kutoka Barabara Kuu ya Thika. Nikayamwaga yote. Yeye hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua mfereji. Ukakohoa mara mbili, ukanyamaza. Akaingia bafuni, akafungua mwingine. Kimya.

"Dada, maji hapa huja siku gani?"

Sikujua. Nikasema, "Maji si shida hapa." Mzee msimamizi wa jengo, aliyekuwa amesimama mlangoni na shada la funguo, akainamisha kichwa. Muuguzi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaniambia asante kwa upole, akashuka ngazi.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja sasa, na vijana wanaoianza huniuliza swali moja: nifanyeje nisiogope wateja? Wanadhani ni suala la mdomo. Nami nilidhani hivyo. Lakini siku ile ya Roysambu mdomo nilikuwa nao, tena mwepesi. Nilichokosa ni kuijua nyumba. Hofu ya ajenti ni hofu ya swali asilo na jibu lake, na dawa yake ni kwenda kuyatafuta majibu mapema, kwa miguu yako.

Kwa hiyo sionyeshi nyumba ambayo sijakaa ndani yake peke yangu saa nzima. Naingia, nafunga mlango. Nafungua kila mfereji na kuusubiri. Navuta maji ya choo mara mbili, maana mara ya pili ndiyo inayokuonyesha tangi linajaa upesi au la. Nachomeka chaja ya simu katika kila soketi. Natazama mita ya stima: ni ya nyumba hii peke yake, au inachangiwa na jirani? Hilo la mita ya kuchangia limevunja ujirani mwingi, na mpangaji ana haki ya kulijua kabla hajalipa hata shilingi. Kisha nafungua dirisha la chumba cha kulala na kunyamaza. Nasikiliza. Steji ya matatu, spika za kanisa, baa, karakana ya vyuma. Nikiweza, narudi saa mbili usiku nitembee kutoka steji hadi getini, kwa sababu mama anayefunga kazi usiku atatembea njia hiyo hiyo, na taa za barabarani huwezi kuzihukumu mchana. Na mvua za Aprili zikinyesha, hiyo ndiyo wiki yangu ya kuzunguka majengo. Ukuta unaovuja hauna siri wakati huo.

Kuhusu maji, usiridhike na jibu la "yapo". Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kwa kuwa hayatoshi kila mtu kila siku, mitaa hugawiwa kwa zamu. Jua siku za mtaa wako. Jua jengo lina tangi la lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi. Kama kuna kisima, uliza kama maji yake yamewahi kupimwa, kwa sababu visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na maji hayo huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka. Mzazi mwenye mtoto mdogo, mwambie waziwazi: haya ni ya kufulia na kuoshea, ya kunywa nunua. Sijawahi kujutia kulisema hilo.

Mambo haya yote, atakayekufundisha ni msimamizi wa jengo. Mzee yule wa Roysambu nilimrudia kesho yake, nikamwomba radhi kwa kumweka mahali pabaya. Alinitolea daftari la kurasa za mistari, kona zimejikunja, ndani ameandika siku za maji, bomba lililopasuka na tarehe yake, nani alihama na kwa nini. Nilikaa naye kwenye benchi la getini hadi jua likaanza kuchoma. Asubuhi ile moja ilinifunza zaidi ya miezi yote niliyokuwa nimekaa ofisini. Msalimie msimamizi kwanza, kabla ya mwenye nyumba. Mwulize habari za nyumbani, na usimwite kwa kumpigia mluzi kama nilivyoona wengine wakifanya.

Ukishaijua nyumba, sema kasoro yake mwenyewe. Kuna jengo Donholm ambalo upande wa mbele unasikia muziki wa baa kila Ijumaa hadi alfajiri. Nilimwambia hivyo kijana mmoja na mkewe kabla hawajavua viatu. Wakatazamana. Mke akauliza, "Na nyuma?" Nyuma kulikuwa na nyumba itakayoachwa mwisho wa mwezi. Waliisubiri. Mteja ukimtajia ubaya mmoja kabla hajauliza, hata mazuri unayomweleza huyasikiliza kwa sikio jingine.

Kutaja pesa kuliniwia vigumu muda mrefu. Nilikuwa nateremsha sauti, naanza na kodi, kisha dipoziti naitaja mlangoni wakati wa kuagana, kana kwamba ni habari ya msiba. Mteja anahisi ameviziwa. Siku hizi nataja jumla kwanza: "Kuingia ni shilingi 39,000. Kodi ya mwezi 18,000, dipoziti 18,000, na dipoziti ya maji na stima 3,000." Halafu nanyamaza. Usijaze kimya hicho kwa maelezo wala kwa punguzo ambalo mwenye nyumba hajakuruhusu kulitoa. Mwache mtu apige hesabu zake.

Na pesa hizo zisipitie simu yako. Ziende kwenye peibili ya ofisi, yaani nambari yake ya kupokea malipo kwa simu, au akaunti ya mwenye nyumba, na risiti itoke siku hiyo hiyo. Mji huu una watu wengi waliotuma dipoziti kwa nambari ya mtu waliyeona picha zake za nyumba mtandaoni, wakafika na godoro juu ya pikapu wakakuta nyumba ina wenyewe. Kwa sababu yao, sitozi ada ya kuonyesha nyumba. Najua wenzangu wanaitoza na wana sababu zao za nauli. Mimi naona unamlipisha mtu kwa mahangaiko ya kutafuta makao.

Sheria nayo isome, japo haivutii. Ukitaka kufungua ofisi yako, Sura ya 533 ya sheria za Kenya inataka usajiliwe na bodi ya mawakala wa nyumba. Mwenye nyumba atakuuliza kodi ya serikali: kwa mapato ya kodi ya nyumba za makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, awali ilikuwa 10. Siku akikuamuru umfungie mpangaji mlango kwa kufuli kwa sababu ya malimbikizo, kataa. Kumtoa mtu nyumbani ni kwa amri ya korti. Nakala za vitambulisho nazo usizisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu.

Dipoziti ndiyo hunipa usingizi mbaya hadi leo. Mpangaji mmoja alihama baada ya miaka mitatu, na mwenye nyumba akataka kuizuia yote kwa doa kubwa la unyevu ukutani. Nilikuwa na picha nilizopiga siku anaingia, tumezitia sahihi sote wawili. Doa lilikuwepo. Nilimpelekea mwenye nyumba picha hizo, nikaketi mbele yake mikono ikitetemeka chini ya meza, nikamwambia pesa ni za mpangaji. Alizirudisha, kisha akatunyang'anya jengo. Bosi wangu wa wakati huo hakufurahi. Ningelifanya tena. Mpangaji yule ameniletea wapangaji wanne, na mmoja wao alikuja na mama yake, aliyeingia moja kwa moja jikoni akafungua mfereji. Maji yakatoka kwa nguvu. Nikamwambia, "Mama, leo ni Jumanne. Njoo tena Alhamisi uone yanavyotoka kwenye tangi."