Ripoti ya mthamini inasema milioni 16.5. Je, hiyo ndiyo bei ya soko?

SWALI: Mimi na mume wangu tumepanga Donholm, hapa Nairobi, kwa miaka tisa. Sasa tumepata nyumba ya orofa mbili Buruburu, vyumba vitatu vya kulala, na uani wamejenga vyumba viwili zaidi vya kupangisha. Muuzaji anataka shilingi milioni 16.5, na ajenti ametuonyesha ripoti ya mthamini yenye bei hiyo hiyo. Tunaomba mkopo wa benki. Tutajuaje kama nyumba ina thamani hiyo kweli? — Mama wa wawili, Donholm

JIBU: Dada, iache kwanza hiyo milioni 16.5. Fungua ripoti usome mambo matatu: nani aliyeiagiza, iliandikwa lini, na kwa ajili gani. Nyumba moja yaweza kuwa na thamani tatu siku moja, na zote zikawa sahihi. Ipo bei ya soko, yaani ile ambayo muuzaji asiyesukumwa na shida na mnunuzi asiyeharakishwa wangeafikiana baada ya nyumba kutangazwa kwa muda wa kutosha. Ipo thamani ya bima, ambayo ni gharama ya kuijenga upya ikiteketea, na haihesabu ardhi. Ipo pia thamani ya kuuza kwa lazima, ambayo benki huitaka ijue itapata nini mkopo ukishindikana. Ripoti ikisema bima, au ikiwa ni ya miaka minne iliyopita, haijibu swali lenu hata kama imepigwa mihuri kumi.

Kisha tafuta humo mauzo ya kulinganisha, yaani nyumba kama hiyo zilizouzwa karibuni na bei zilizolipwa. Hapo ndipo moyo wa kazi yetu wathamini ulipo. Ripoti inayojaza kurasa kwa vigae, dari na rangi ya ukuta, halafu ikafikia bei kwa sentensi moja ya "kulingana na hali ya soko", haijathamini chochote. Na hakikisha aliyetia sahihi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, ambayo huwasimamia wathamini chini ya Sura ya 532 ya sheria zetu.

Nyinyi mna bahati moja. Buruburu ilijengwa kwa fezi kuanzia miaka ya 1970, na ramani zake zinajirudia nyumba baada ya nyumba. Kule Karen kila nyumba ina umbo lake na uwanja wake, kulinganisha ni kazi ngumu. Kwenu mnaweza kuanza wenyewe. Ingieni kwenye korti ya nyumba hiyo, yaani lile kundi la nyumba zinazotumia lango moja, na mbili tatu za jirani, mwongee na mlinzi wa lango na mwenyekiti wa wakazi. Ulizeni nani ameuza hivi karibuni na alipokea ngapi. Msichukue bei za mabango na mitandao, kwa sababu hizo ni bei ambazo wauzaji wanatamani. Nyumba iliyotangazwa mwaka mzima kwa bei ile ile inawaambia kwamba soko limeikataa bei hiyo.

Tuseme, kwa mfano tu, mmepata tatu. Moja iliuzwa milioni 13.8 ikiwa haijaguswa tangu ijengwe. Ya pili milioni 14.5, jiko jipya na nafasi ya gari. Ya tatu milioni 17, lakini iko kona, inatazama barabara ya matatu, na aliyeinunua ameweka duka. Hiyo ya tatu iondoeni, maana mnunuzi wake alikuwa ananunua biashara. Zilizobaki zinawaambia nyumba yenu ni ya kati ya milioni 13.8 na 14.5, kabla ya kugusa vile vyumba vya uani.

Na hapo uani ndipo ninapotaka mtulie. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuthamini nyumba kama hiyo katika mtaa mmoja wa Eastlands. Muuzaji alikuwa ameongeza bei kwa ajili ya vyumba viwili vya nyuma, akihesabu kodi yake kila mwezi. Niliingia kimoja, nikasikia sakafu inalia kwa utupu karibu na kitanda. Tuliinua zulia la plastiki. Chini yake palikuwa na mfuniko wa chuma wa shimo la majitaka, umepakwa saruji nyembamba pembeni harufu isitoke. Bomba la korti nzima lilipita chini ya kile chumba, na hapakuwa na ramani iliyoidhinishwa na kaunti. Siku bomba likiziba, chumba kingevunjwa. Vyumba vile niliviandikia sifuri, kisha nikatoa gharama ya kuvibomoa. Muuzaji alikasirika sana. Mnunuzi alikuwa mama mjane mwenye akiba ya miaka 20, na mpaka leo nashukuru tuliinua lile zulia.

Kwa hiyo ombeni ramani iliyoidhinishwa. Isipokuwepo, msilipie vyumba hivyo hata shilingi moja, japo vina wapangaji.

Angalieni pia hati. Nyumba nyingi za mtaa huo ziko kwenye ardhi ya lizi, yaani iliyokodishwa kwa muda, ya miaka 99. Lizi iliyoanza 1976 inaisha 2075, maana yake kufikia 2025 imebaki miaka 50. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa Mkenya nafasi ya kwanza ya kupewa upya muda ukiisha, ardhi isipohitajika kwa matumizi ya umma, lakini benki huangalia miaka iliyobaki, na atakayenunua kwenu baadaye ataiangalia pia. Fanyeni upekuzi rasmi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, na mdai stakabadhi za reti, yaani ada za ardhi za kaunti, zilizolipwa.

Kodi ya nyumba ni kipimo cha haraka. Nyumba ya aina hiyo ikipangishwa 60,000 kwa mwezi, ni 720,000 kwa mwaka: asilimia 4.4 ya milioni 16.5, au 5.1 ya milioni 14. Haitoshi kuamua bei, ila inaonyesha pale bei ilipoikimbia kodi.

Muuzaji huenda akasema bei imepanda kwa sababu ya ushuru. Ni kweli ushuru wa faida ya mtaji ulitoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, lakini huo ni wake. Wenu ni wa stempu, asilimia 4 mjini, na mthamini wa serikali akiona thamani ni kubwa kuliko bei mliyoandika, mtalipa kwa ile kubwa.

Benki nayo itamtuma mthamini wake. Akisema milioni 14, mkopo utahesabiwa kwa 14, na milioni 2.5 zilizobaki mtazitafuta mfukoni. Ndiyo maana nawasihi mlipe mthamini wenu sasa, kabla ya kutia sahihi na kuweka ile amana ya asilimia 10 ya bei. Siku atakapokuja, muombeni aanzie uani.